Urari Usiohesabiwa: Tahakiki ya Fikra ya Thiosofia juu ya Mume na Mke

Makala haya yanakusudia kuhakiki fikra ya thiosofia kuhusu nafasi ya mwanamume na mwanamke katika jamii, na kuipima kwa lugha yetu, kwa fasihi yetu, na kwa maisha ya wakulima wa Kabazi, katika bonde la Subukia, Nakuru. Mwandishi aliyasoma maandishi ya wathiosofia kwa mara ya kwanza alipokuwa masomoni ng'ambo. Yalimvutia, nayo yangali yakimvutia. Hata hivyo, linalovutia maktabani halina budi kupimwa shambani.

Chama cha Thiosofia kiliasisiwa New York mwaka 1875 na Helena Petrovna Blavatsky, Henry Steel Olcott na William Quan Judge pamoja na wenzao. Shabaha yake ya kwanza ni udugu wa wanadamu wote pasipo kubagua kabila, dini, jinsia wala rangi. Katika mafundisho yake twaona mawazo mawili yanayohusu mada yetu. La kwanza ni kwamba roho haina jinsia: huzaliwa tena na tena, mara katika mwili wa kiume, mara katika mwili wa kike. La pili ni kwamba ulimwengu huendeshwa na nguvu mbili, ya kiume na ya kike, na kwamba jamii hustawi nguvu hizo zikiwa katika urari.

Kwa kawaida mawazo haya husomwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa maoni yetu, sivyo. Wazo la kwanza laondoa msingi wa kumdunisha mwanamke, kwani anayemdharau leo aweza kuzaliwa kesho katika hali hiyo hiyo. Wazo la pili, kinyume chake, laweza kumrudisha pale pale alipokuwa, likiisha kumpamba kwa sifa. Maisha ya Annie Besant, aliyekiongoza chama hicho tangu 1907 hadi 1933, yanatuonyesha mvutano huo. Mwaka 1878 mahakama ya Uingereza ilimnyang'anya malezi ya binti yake kwa sababu ya msimamo wake juu ya dini na maandishi aliyoyachapisha. Basi aliijua dhuluma kwa kuionja. Mwaka 1917 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Wanawake wa India kilichoanzishwa Adyar. Lakini mwaka 1904 mama huyo huyo alikuwa ameandika kwamba elimu ya wasichana wa Kihindi iwaandae hasa kuwa wake na mama. Roho isiyo na jinsia ilikuwa imekwisha kupangiwa jiko.

Lugha yetu inao mvutano kama huo. Katika sarufi ya Kiswahili, "mtu" na "yeye" havitofautishi mume na mke. "Amekuja" ni mmoja kwa wote wawili. Hapa twaweza kusema kwamba ngeli ya kwanza inakubaliana na wazo la kwanza la wathiosofia. Lakini tukifika kwenye ndoa, mume huoa na mke huolewa: mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Mkono wa nguvu twauita wa kuume, na wa kushoto wazee waliuita wa kuke. Mikono hiyo hukamilishana, naam, lakini ni mmoja tu unaopewa heshima ya kupokea na kutoa.

Fasihi yetu nayo yatoa ushahidi. Katika utendi alioutungia binti yake mwaka 1858, Mwana Kupona anaihesabu radhi ya mume miongoni mwa radhi ambazo mwanamke anazihitaji ili aokoke akhera. Wahakiki wamebishana kama anatii au anamfundisha bintiye werevu wa kuishi na wenye nguvu. Vyovyote iwavyo, njia ya roho ya mke inapitia mlangoni kwa mume. Mthiosofia angelikataa jambo hilo mara moja, na hapo tungemuunga mkono.

Na sasa tuje Kabazi. Ardhi ya bonde hili ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 Waafrika wakaipata. Wengi wa wakazi wake ni wenye asili ya Agikuyu, ambao koo zao zina majina ya mabinti wa Mumbi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, aliandika kisa kisemacho kwamba zamani wanawake ndio waliotawala, wakapinduliwa na waume waliopatana kuwapa mimba wote kwa wakati mmoja. Wanawake walikataa katakata majina ya koo yabadilishwe, na waume wakakubali. Hivyo jina likabaki la mama, na mamlaka yakawa ya baba. Je, huo si urari? Kwa mtazamo wa wazo la pili, waweza kuitwa urari kamili.

Mwandishi alipata kumwuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi huko Kabazi: "Mama, shamba hili ni la nani?" Akajibu: "Ni la mzee, mwalimu." Alipoulizwa kuhusu jembe, alicheka: "Hilo ni langu."

Katika ushairi wetu, neno "urari" halitumiki ovyo. Mshairi hawezi kudai kwamba ubeti wake una urari wa vina na mizani pasipo kuhesabu: nane kwa nane, kipande kwa kipande. Sheria za Kenya zimeanza kuhesabu. Katiba ya 2010, ibara ya 45, yawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo si nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Wengine walihuzunika. Sisi twaona kwamba uamuzi huo umeutoa mzigo mawinguni na kuuweka kwenye mizani. Lakini umemtwika anayepalilia jukumu la kuthibitisha palizi isiyoandikwa popote.

Kwa hiyo twapendekeza wazo la kwanza la thiosofia lipokelewe, na la pili litiliwe shaka mpaka lihesabiwe. Anayetuambia kwamba mume na mke hukamilishana, tumwulize kwanza hati ya shamba ina jina la nani.