Mjeledi wa Simon Belmont na kiboko cha kwetu
Castlevania ya 1986 iko na jambo moja nzuri: mjeledi wa Simon Belmont unachelewa. Unafinya butoni, mkono unarudi nyuma kwanza, ndipo ngozi inapiga. Ukikosa hesabu, popo wanakufikia. Indiana Jones yeye anautumia hata kama kamba ya kuvukia shimo. Inapendeza, lakini silaha inakuwa nyepesi.

Sasa bandugu, angalieni nani anapigwa. Ni mifupa inayotembea, hakuna ngozi ya kupasuka! Katika picha za Colonie belge ambazo Tshibumba alichora Lubumbashi miaka ya 1970, mwenye kupigwa amelazwa chini. Ule hana nafasi ya kuruka. Na siye wa agronomia: pamba ya lazima ililimwa chini ya fimbo ile, mashamba yakikaguliwa na agronomu.