Moore, konokono wa Tanganyika na grafu ambayo hakuichora

Ukitafuta amonaiti usije huku kwetu Kasulu wala Kibondo. Mawe ya bonde la Malagarasi mengi yana umri wa zaidi ya miaka milioni 700. Yalikuwa mawe tayari kabla amonaiti hawajatokea duniani. Wa kwetu wako pwani, upande wa Lindi na Kilwa. Ila ukishuka Kigoma ukaokota ganda la konokono ufukweni, zito, lenye mbavu na miiba, utaelewa kilichomsumbua J. E. S. Moore.

Kitabu chake, The Tanganyika Problem (1903), kinadai kuwa ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kipindi cha Jurasiki. Ushahidi mkubwa ni magamba: Paramelania anafanana na kisukuku Purpurina, Bathanalia na Amberleya. Michoro imewekwa pamoja, na kusema kweli inavutia. Shida ni kwamba msomaji anaombwa aangalie tu, halafu akubali.

Kipimo kilikuja baadaye. Mwaka 1966 David Raup alionyesha kuwa umbo la ganda lililojiviringisha linaweza kuelezwa kwa namba chache. Chukua amonaiti: pima kutoka kitovu cha mzunguko hadi ukingo wa nje penye mdomo, gawanya kwa umbali wa upande wa pili, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hiyo ni W, kasi ya ganda kutanuka kwa kila mzunguko. D ni umbali wa kitovu hadi ukingo wa ndani wa mdomo, ukigawanywa kwa ule wa hadi ukingo wa nje. Konokono anahitaji namba moja zaidi, T, kwa sababu yeye hupanda kama ngazi ya kuzunguka. Kwa amonaiti wa kawaida T ni sifuri. Ukichora W na D kwenye grafu, amonaiti wengi hukaa chini ya mstari wa W = 1/D, maana mizunguko yao inagusana au kupandana. Rula na karatasi ya grafu vinatosha, hata shule ya kata.

Kwa hiyo Moore angepima tu angepona? Hapo mimi sikubali. Nukta mbili zikikaa jirani kwenye grafu zinasema maumbo yanafanana, hazisemi ni ndugu. Ziwani kuna kaa, Platythelphusa, mwenye magando ya kuvunja magamba, na konokono wamejibu kwa kunenepesha kuta. Unene wenyewe haumo kabisa katika namba za Raup! Ziwa lina kama miaka milioni 9 hadi 12. Jurasiki iliisha miaka milioni 145 iliyopita. Hilo pengo hakuna mchoro wa kuliziba.

Bado kitabu kisomwe. Maelezo ya wanyama wenyewe, ambao Moore aliwapasua na kuwachora viungo vya ndani, ni kazi ya mtu makini kuliko nadharia yake.