Umri wa picha, umri wa sauti

Kwenye kasha la filamu pameandikwa 18. Hapa Magamba, mlangoni kwa kibanda umiza kinachoulizwa ni hela, umri hauulizwi. Haya, tuseme mwenye kibanda anawafukuza watoto. Watakaa nje ya turubai na kuisikia filamu yote, maana DJ ameshaitia Kiswahili, na pengine tusi ambalo muigizaji hakulisema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Sawa, ila ile 18 ilipimwa kwa filamu ya Kiingereza. Tangu enzi za Lufufu, DJ hatafsiri tu, anatunga. Basi tumhakiki kama mtunzi, na sauti yake nayo ipangiwe umri.