Ubunifu wa Bidhaa: Istilahi Inayopotosha Somo

Somo la vyuo vikuu linalohusu kupanga umbo, malighafi na matumizi ya vyombo vitengenezwavyo viwandani limezoeleka kuitwa "ubunifu wa bidhaa". Istilahi hii ni nyepesi kutamka, na yamkini ndiyo sababu imeenea. Lakini wepesi wa neno si hoja ya usahihi wake.

Kubuni ni kuzua jambo ambalo halikuwapo: twabuni hadithi, twabuni hata uongo. Kigezo chake ni upya. Mwanafunzi wa somo hili, hata hivyo, atakiwa kwanza kupima: mkono wa mtumiaji una ukubwa gani, mnunuzi atamudu bei gani, chombo kikiharibika kitatengenezwaje. Tulitazame jiko la mkaa lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lenye kikombe cha udongo uliochomwa ndani ya gamba la bati. Wazo lake la msingi lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Kwa kigezo cha upya lingepata alama haba. Thamani yake imo katika marekebisho: kiuno kikabanwa, tako likapanuliwa lisipinduke ugali unaposongwa, na gamba likabaki kazi ambayo mafundi wa bati wa Shauri Moyo, Nairobi, waliimudu. Kazi hiyo tutaiita kubuni kwa sehemu tu.

Wapo wasemao "uchoraji wa bidhaa". Hilo halihitaji mjadala. Mchoro ni nyenzo ya kazi, si kazi yenyewe. "Dizaini" ina utetezi zaidi, maana fundi cherehani na mteja wake huelewana kwayo. Ila katika mitaa ya Tanzania imekwisha kuhama: mtu husema "dizaini kama amechoka". Neno linalotangatanga hivyo halifai kuwa jina la shahada.

Twapendekeza "usanifu wa bidhaa". Mpinzani atasema kwamba usanifu umekwisha kuchukuliwa na wajenzi. Ni kweli, wala si hasara. Shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliongozwa na msanifu majengo, Walter Gropius, na katika karakana zake za awali mwanafunzi aliwekwa chini ya walimu wawili, mmoja wa umbo na mmoja fundi. Nyumba na birika vilikuwa ndugu tangu mwanzo. Tahadhari moja tu: kiunganishi kisiachwe, kwani "bidhaa sanifu" ni bidhaa iliyofikia viwango, jambo jingine kabisa.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Kijana aliyefaulu fizikia na ufundi, akikuta "ubunifu" katika mwongozo wa kujiunga na chuo, hudhani ni somo la wenye vipawa vya kuchora, akafunua ukurasa unaofuata. Mhitimu naye aitwe "msanifu bidhaa". "Mbunifu" tumwachie mtunzi wa hadithi.