Sifa za Ribiti

Ukitaka kumjua fundi wa mapambo, geuza kazi yake uitazame mgongoni. Mbele kila mtu hung'arisha. Nyuma ndipo utakapoona kama kipande cha pembe ya ng'ombe kimebandikwa kwenye shaba kwa gundi, au kimeshikwa kwa ribiti, kijiti cha shaba kilichogongwa kichwa pande zote mbili. Wanunuzi wengi hawaulizi. Lakini gundi inaahidi uzuri wa leo tu, na ribiti inaahidi kwamba siku hereni itakapovunjika, pembe itatoka nzima na shaba itarudi chunguni ikiwa safi.

Nairobi tumezoea kuyasifu mapambo haya kwa asili yake: yametokana na taka. Ni sifa ya haki, ila inaishia njiani.

Tuanze basi na asili hiyo. Huku Tena, kati ya Umoja na Donholm, shaba haichimbwi ardhini, inang'olewa bafuni. Ploti inakarabatiwa, mfereji wa zamani unatolewa, kufuli lililopoteza ufunguo linakatwa, na vyote vinaishia kwa mkusanya skrepa anayepita na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Huyo ndiye mhakiki wa kwanza wa hereni ambayo bado haijazaliwa. Anakigusisha kitu sumaku: kikinata ni chuma, bei yake ndogo. Kisiponata anakikwaruza kwa tupa, kwa sababu mifereji mingi imevikwa kromu nyeupe. Chini ya kromu ikitokea rangi ya njano, hiyo ni brasi, yaani shaba ya manjano, inatengewa gunia lake. Ikitokea rangi ya kijivu, ni ile aloi ya zinki ya mifereji ya bei rahisi, na karakana ya mapambo haina haja nayo. Kazi ya kutenganisha ikifanywa ovyo hapa, hakuna ustadi utakaoiokoa mbele ya safari. Hata brasi yenyewe huja na historia yake: ya mifereji mara nyingi imetiwa risasi kidogo ili ikatike vyema kwenye mashine, na fundi anayetengeneza vitu vya kuvaliwa mwilini hana budi kujua anayeyusha nini.

Brasi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na wawili hao hawakai motoni kwa amani. Brasi huyeyuka kwenye nyuzi 900 na ushei; zinki peke yake huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi. Kwa hiyo fundi anafanya kazi ukingoni. Akichelewa kuondoa chungu, zinki hupaa ikawa moshi mweupe, brasi ikaelekea wekundu, na aliyeuvuta moshi ule akalala na homa usiku huo. Fundi aliyeiva hutia boraksi kidogo ikusanye uchafu, husoma rangi ya moto, kisha humimina kwa mkono mmoja usiosita kwenye kalibu ya mchanga. Kilichoganda kwenye mkondo wa kumiminia hukatwa na kurudi chunguni. Hata unga wa tupa hufagiliwa, ukapitishiwa sumaku kuondoa vichembe vya chuma, ukangoja moto wa kesho.

Pembe na mifupa nayo ina adabu yake. Kibera kuna karakana zilizojijengea jina kwa mifupa ya machinjioni. Huchemshwa hadi mafuta yaishe, hukatwa kwa msumeno, husuguliwa kwa msasa, na mingine huchorwa kwa nta kabla ya kutumbukizwa kwenye rangi nyeusi, ili palipo na nta pabaki peupe. Pembe ikipashwa moto hulainika ikakubali kukunjwa. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, na karakana ya kusifiwa ni ile yenye barakoa na madirisha wazi.

Kazi hii imefika mbali. Kampuni ya SOKO, ambayo Mkenya Catherine Mahugu ni mmoja wa waanzilishi wake watatu, iliwaunganisha mafundi wa Nairobi na masoko ya ng'ambo kwa simu ya mkononi. Huko Denmark, kampuni kubwa ya mapambo ya Pandora iliahidi mwaka 2020 kwamba kufikia 2025 ingetumia fedha na dhahabu iliyorejelezwa tu. Yote ni mema, ila ahadi kama hiyo inahusu chuma kilikotoka. Kinakokwenda ni swali jingine. Brasi iliyorejelezwa ikichovywa kwenye dhahabu nyembamba ili ipendeze dirishani, ikaungwa kwa lehemu ya bati na kubandikwa mfupa kwa gundi, tumechukua taka iliyokuwa rahisi kutenganishwa tukaifanya taka isiyotenganishika. Ule mfereji mkuukuu ulikuwa na heshima zaidi: tupa moja ilitosha kuujua.

Ribiti ya brasi kwenye bamba la brasi haina tatizo hilo. Inagharimu muda: tundu litobolewe sawasawa, mfupa usipasuke, kichwa kigongwe taratibu. Fundi wa gundi atamaliza hereni kadhaa huyu akiwa kwenye jozi moja. Ndiyo maana usanifu wa mzunguko, yaani kuunda kitu ili malighafi yake iweze kutumika tena, katika biashara ni suala la bei kabla ya kuwa suala la mazingira. Asiyelipia ribiti atapewa gundi.

Pwani waliujua mzunguko huu zamani. Riale za Maria Theresa, zilizoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 hata miongo mingi baada ya mwaka huo, zilikuwa na gramu 28 hivi kila moja, fedha ikiwa sehemu 833 katika 1,000. Masonara waliziyeyusha zikawa vikuku na mitali. Lamu, vigae vya sahani kuukuu za kaure huwekwa kwenye pete za fedha. Na desturi ya sonara ndiyo tunayoihitaji zaidi: huweka pambo kwenye mizani, akahesabu chuma mbali na ujira wa ufundi mbali. Ukirudi na kikuku kilichovunjika, uzito wake ni mali yako. Unalipia mkono tu.

Mzunguko una uadilifu wake pia. Reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, nyaya za telegrafu za Wazungu ziliibwa zikageuka mapambo miongoni mwa Wanandi. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka Imara Daima, wizi wa vyuma ukilaumiwa, na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya skrepa, na marufuku ikadumu miezi kadhaa. Waliokula hasara ni pamoja na mafundi ambao hawakuwahi kugusa waya wa mtu. Karakana inayoweza kusema kilo zake zimetoka kwa nani inajilinda yenyewe, na inamlinda mwokota skrepa mwaminifu.

Kwa hiyo ningependa meza za mapambo pale Maasai Market ziwe na mizani ndogo karibu na kioo. Mteja arudishe bangili iliyochoka, ipimwe mbele yake, bei ya chuma ipunguzwe kwenye bangili mpya. Hapo fundi atajikuta ana sababu ya kifedha ya kuacha gundi, maana kila anachokiuza huenda kikamrudia mkononi, na yeye mwenyewe ndiye atakayehangaika kukifungua.