Benchi kwa benchi: jinsi Gough alivyoandika historia ya Myddle

Anayetaka kuandika historia ya kijiji kizima hukwama mapema. Aanze na nani? Akiwatanguliza wakubwa, wanyonge hawafikii. Akifuata miaka, watu wanatawanyika. Richard Gough wa Myddle, parokia ya wakulima huko Shropshire, Uingereza, alilipatia jibu swali hilo mwaka 1701, akiwa keshavuka miaka 65. Alichora mpangilio wa mabenchi ya kanisa lao, kisha akasimulia benchi kwa benchi: nani hukaa hapa, baba yake ni nani, kaoa wapi, mali kaipeleka wapi.

Nguvu ya mbinu hii imo katika haki ya kukaa. Kwa kawaida benchi la Myddle lilifuata nyumba na shamba, halikumfuata mtu. Familia ikihama au kufilisika, aliyeingia kwenye nyumba yao alikalia nafasi yao kanisani. Basi ukilifuata benchi moja tu unapata ukoo, ardhi na cheo kwa mkupuo: wenye mali mbele, wakulima wa kawaida nyuma yao, wenye vibanda mwisho kabisa. Gough aliwahi kuwa karani, kwa hiyo hati za ardhi na daftari za parokia hazikumtisha. Lakini utamu wa kitabu, tuseme kweli, ni umbeya wa miaka sitini. Wezi wamo, wagomvi wamo, na wamo mume na mke waliolimaliza shamba kilabuni.

Mbinu yenyewe ina tundu. Kibarua asiye na makazi hana benchi, na mwanamke huingia kwa mgongo wa baba au mume. Kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1642, ramani ya kanisa isingetosha, na Gough hakuitegemea. Anakumbuka alivyokwenda, mtoto wa miaka minane hivi, kutazama watu wakiitwa jeshini kule Myddle Hill: bwana mmoja kasimama na karatasi mkononi, mikuki mitatu minne imechomekwa ardhini kando yake, anatangaza mshahara wa wiki kwa atakayempigania mfalme. Kisha Gough anahesabu. Kutoka Myddle na vitongoji vya Marton na Newton walikwenda 20, wakauawa 13. Miongoni mwa waliokwenda anamtaja hata mshona nguo aliyezunguka akitafuta kazi, asiye na pa kulala. Kwangu mimi, hapa ndipo anapoandika vizuri kuliko kote.

Maandishi yake yalichapishwa kamili mwaka 1875. Mwaka 1974 mwanahistoria David Hey alitoa utafiti wake juu ya Myddle, akiyapima masimulizi hayo kwa wosia, daftari za parokia na kumbukumbu za ardhi. Umbeya wa mzee, kwa sehemu kubwa, ulisimama.