Sifa kwa Mfuga Nyigu

Kuna ufundi ambao faida yake hujaa ghalani na jina la fundi lisitajwe. Mmojawapo ni ufugaji wa nyigu. Sisemi wale wakali wanaojenga darini, bali viumbe wa milimita mbili tatu wasiomdhuru mtu, ambao majike yao humdunga kiwavi na kumwachia mayai mwilini.

Pwani ya Kenya inamjua mmoja wao, Cotesia flavipes. Funza wa mabua aitwaye Chilo partellus aliingia Afrika kutoka Asia, akaenea katika mahindi na mtama huku adui yake akibaki nyuma. Watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi wakamfuata adui huyo Pakistan, na mwaka 1993 wakamwachilia katika mashamba ya pwani. Jike huingia ndani ya tundu la bua, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza hufika kwa shida, akamtia funza mayai 30 au 40. Majike wengi hung'atwa wakafia humo humo.

Nyuma ya nyigu huyo yupo mtu. Mfugaji hulea jamii mbili: kwanza funza, kisha nyigu. Humshika funza kwa kibano, akamsogeza mbele ya jike mpaka adungwe, halafu akamchukua mwingine. Kazi hiyo haitaki pupa wala mkono mzito.

Kigumu kuliko vyote ni wakati. Nyigu aliyekomaa huishi siku chache tu, hata akilishwa asali na maji. Mahindi hayamngoji, na mvua haiagizwi. Nyigu akifika shambani kabla funza hawajakua, hana pa kutaga. Hapo fundi hushika silaha aliyonayo, yaani joto. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, safari ya kutoka yai hadi mabawa huchukua karibu wiki tatu. Joto likipanda kidogo, siku hupungua, likishuka, huongezeka. Karibu na nyuzi 10, ukuaji hukaribia kusimama. Ndipo vifukofuko vyeupe vya hariri, walimo nyigu wachanga, huingizwa kwenye jokofu, vya wiki hii vingoje vya wiki ijayo, ili nyigu waende shambani kwa wingi na kwa pamoja.

Lakini baridi ni mkopeshaji, na riba yake hulipwa na mwili wa nyigu. Aliyemo ndani ya kifukofuko hali kitu. Anaishi kwa akiba aliyoibeba kutoka mwilini mwa kiwavi. Akikaa mno kwenye baridi, akiba hupungua. Wanaotoka huwa wachache, wengine wana mabawa yaliyokunjamana, umri wao ni mfupi na mayai yao haba. Ipo pia hasara isiyoonekana: dume aliyeumizwa na baridi huweza kukosa mbegu. Kwa nyigu hawa, yai lisilorutubishwa huzaa dume, na jike ndiye pekee anayedunga. Kizazi cha madume watupu hakimwokoi mkulima hata bua moja.

Kwa sababu hiyo, anayehesabu vifukofuko vilivyopasuka tu hajapima chochote. Fundi wa kweli huwafuatilia waliotoka: je, wanaruka? Wanamtafuta funza? Katika watoto wao, majike ni wangapi? Kwa nyigu wa aina kadhaa imeonekana kwamba wakitolewa kwenye baridi na kupashwa joto kwa muda mfupi kila siku, madhara hupungua. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa subira ya kumwangalia kiumbe mdogo kwa makini, kizazi baada ya kizazi.

Huo ndio ubora ninaousifu: kujua kiasi. Serikali zinazotaka mashamba yenye sumu kidogo zisiishie kununua majokofu. Ziwaajiri mafundi hawa, ziwalipe vizuri, na ziwape vijana wa kurithi ujuzi wao.